Chateaubriand na tafsiri ya neno kwa neno: mfasiri amfuate hadi wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa Kifaransa mjini Bujumbura, na kwa sasa ninatafsiri riwaya fupi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Tulifundishwa chuoni kwamba mfasiri hatafsiri maneno bali maana. Hivi karibuni nimesoma kwamba Chateaubriand, ambaye Wafaransa humhesabu miongoni mwa mabingwa wa nathari yao, aliitafsiri Paradise Lost, shairi refu la Kiingereza la John Milton, neno kwa neno na akalitetea jambo hilo waziwazi. Nina rasimu mbili za sura ya kwanza. Moja inafuata Kifaransa hatua kwa hatua, na wenzangu wanasema ni nzito. Nyingine inasomeka bila kikwazo, lakini naona kwamba mwandishi ametoweka. Je, Chateaubriand alikuwa na haki, na nimfuate hadi wapi?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali ambalo wafasiri wengi hulikwepa kwa kurudia kanuni waliyoikariri darasani. Kwa maoni yangu Chateaubriand alikuwa na haki katika jambo kubwa na alikosea katika jambo dogo, na kile alichokiita tafsiri ya neno kwa neno sicho wanachokiogopa wenzako wanaposoma rasimu yako ya kwanza. Alichokidai ni kwamba mfasiri asiuharibu mwenendo wa mwandishi, yaani mpangilio wa fikra ndani ya sentensi, ugeni wa picha anazozichora, pumzi yake, na hata ukakasi wake pale alipoutaka mwenyewe. Ili ionekane kwa nini dai hilo ni la haki, na ni wapi linapovuka mpaka, yafaa tuiangalie kazi yenyewe.

François-René de Chateaubriand alizaliwa Saint-Malo mwaka 1768. Mapinduzi ya Ufaransa yalimpeleka uhamishoni Uingereza, ambako aliishi kuanzia 1793 hadi 1800 katika ufukara, akijipatia riziki kwa kufundisha Kifaransa katika miji midogo ya Suffolk na kwa kazi ndogondogo za tafsiri. Mwaka 1822 alirudi London akiwa balozi wa nchi yake. Kiingereza, basi, hakukijua kwa kamusi tu. Vipande vya Milton vilikwisha kuonekana katika Génie du christianisme, kitabu chake cha mwaka 1802, lakini tafsiri kamili ilitoka mwaka 1836, alipokuwa anakaribia miaka 70. Miaka sita kabla yake alikuwa amekataa kula kiapo cha utii kwa Mfalme Louis-Philippe na hivyo kupoteza mapato ya cheo chake, kwa hiyo aliifanya kazi hii kwa sababu alihitaji fedha pia. Nalitaja jambo hilo kwa sababu wapo waliolitumia kumdharau, ilhali ukurasa mmoja wa tafsiri yake watosha kuonyesha kwamba mtu aliyetaka malipo tu asingejitwisha mzigo wa namna ile.

Mwanzoni mwa tafsiri hiyo aliweka maelezo marefu, na humo ndimo yalimo maoni yake. Anasema kwamba lau angetaka kutoa tafsiri yenye madaha, huenda watu wangemkubalia kwamba anao ujuzi wa sanaa unaotosha kuifanya. Lakini alichokusudia ni tafsiri sisisi kwa maana kamili ya neno hilo, tafsiri ambayo mtoto na mshairi wataweza kuifuata juu ya matini, mstari kwa mstari, neno kwa neno, kama kamusi iliyofunguliwa mbele ya macho yao. Mahali pengine anasema kwamba amelichora shairi la Milton kwa kulifuatisha juu ya kioo cha dirisha, na kwamba hakuogopa kubadili kanuni za vitenzi vya Kifaransa pale ambapo kubaki Mfaransa zaidi kungeipotezea matini chanzi sehemu ya usahihi wake, upekee wake au nguvu yake.

Ukiishia hapo utadhani ni mwanafunzi anayebandika neno juu ya neno. Lakini katika maelezo hayohayo anaeleza jinsi alivyotaabika kuikunjua sentensi ndefu ili ieleweke bila kuikatakata, na kuzisimamisha sentensi katika mshuko uleule, kipimo kilekile na ulinganifu uleule wa sauti. Anayebandika maneno hasikilizi mshuko wa sentensi, wala hapimi sauti yake. Chateaubriand alikuwa akiitafsiri sauti pamoja na neno, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu nathari ya Kifaransa ilikuwa imekaa mkononi mwake kwa zaidi ya miaka 30. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usisi wake, yaani kule kufuata neno kwa neno, ni wa bingwa wa lugha lengwa, ile anayotafsiria, na yeyote anayetaka kumfuata yampasa kwanza awe na Kiswahili kinachoweza kubeba mzigo huo.

Yafaa pia kufahamu alikuwa akipingana na nini. Ufaransa ilikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kuwavisha waandishi wa kigeni mavazi ya Paris. Katika karne ya 17, tafsiri za Nicolas Perrot d'Ablancourt zilisifiwa kwa uzuri na kulaumiwa kwa kutokuwa aminifu, na mwanachuoni Gilles Ménage akazifananisha na mwanamke aliyempenda zamani mjini Tours, mzuri wa sura lakini asiye mwaminifu. Mwaka 1714 mshairi Houdar de La Motte, ambaye hakujua Kigiriki, aliuchapisha kwa Kifaransa utenzi wa Homer, Iliad, ukiwa umepunguzwa kutoka vitabu 24 hadi 12, kwa imani kwamba alikuwa akimtengeneza Homer. Paradise Lost yenyewe ilikuwa imetafsiriwa na mshairi Jacques Delille mwaka 1805 kwa mishororo ya Kifaransa yenye vina, laini na ya kupendeza, ambamo Milton anazungumza kama mgeni aliyekwisha kufunzwa adabu za ukumbi.

Mwandishi Madame de Staël alikuwa amelipigia kelele jambo hili mwaka 1816, katika makala aliyoiandikia jarida moja la Milano. Alionya kwamba mfasiri asifanye kama Wafaransa, ambao hukipaka kila wanachokitafsiri rangi yao wenyewe. Hata kama mtu angegeuza kuwa dhahabu kila alichokigusa, alisema, bado asingeweza kujilisha kwa dhahabu hiyo. Msomaji wa Kifaransa alikuwa akipewa dhahabu ya kwao badala ya chakula kilichotoka kwingine. Chateaubriand hakuwa wa kwanza kuiona kasoro hiyo, lakini aliisahihisha kwa kazi kubwa, akiwa na jina ambalo hakuna aliyeweza kulidharau.

Sasa tuitazame sentensi moja kwa karibu. Milton analifungua shairi lake kwa kutaja kwanza yatakayoimbwa: uasi wa kwanza wa binadamu, tunda la mti uliokatazwa, mauti, masaibu yetu, kupotea kwa Edeni, na mtu mkuu zaidi atakayeturejesha. Ni katika mstari wa sita tu ndipo kinapofika kitenzi kikuu, kile kinachomwamuru Muse wa mbinguni, mungu wa kike wa ushairi, aimbe. Msomaji wa Kiingereza anasubirishwa, na kusubirishwa huko ndiko kunakomfanya ahisi uzito wa jambo. Mfasiri mwenye kutaka ulaini angeianza sentensi kwa amri ile, kwa kuwa ndivyo Kifaransa kinavyopenda. Chateaubriand aliiacha mwishoni. Anaanza na «La première désobéissance de l'homme», anapita mti na mauti na Edeni, na baada ya hayo yote ndipo anapofunga kwa «chante, Muse céleste!». Sarufi ya Kifaransa inalalamika kidogo, lakini sentensi inatembea kwa mwendo wa Milton.

Je, Kiswahili kingeweza? Nimejaribu hivi: «Uasi wa kwanza wa binadamu, na tunda la mti ule uliokatazwa, ambalo kuonjwa kwake kulileta mauti ulimwenguni na masaibu yetu yote, pamoja na kuipoteza Edeni, hata mtu aliye mkuu zaidi aturejeshe na kukitwaa tena kikao cha heri, hayo yaimbe, ewe Muse wa mbinguni.» Tazama jinsi viwili tu, «hayo» na kiambishi cha mtendwa «ya» katika «yaimbe», vinavyoyakusanya yote yaliyotangulia na kuyakabidhi kwa kitenzi. Kifaransa hakina nyenzo hiyo kwa namna hii, na ndiyo sababu Chateaubriand alilazimika kuikunja sarufi yake. Sisi hatulazimiki. Hapa usisi haukiumizi Kiswahili hata chembe, na mfasiri ambaye angeianza sentensi hii na «Ewe Muse wa mbinguni, imba» angekuwa amemnyima msomaji kitu ambacho lugha yake ilikuwa tayari kumpa.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika kitabu cha kwanza Milton anasema kwamba miali ya moto wa Jehanamu haikutoa nuru, bali giza linaloonekana. Akili inakataa: giza litaonekanaje? Mfasiri anayetafuta maana ataandika «giza totoro» au «mwanga hafifu», na vyote viwili vina mantiki kuliko alichokiandika Milton. Chateaubriand akaandika «des ténèbres visibles» na kusonga mbele. Mkanganyiko huo ni wa mwandishi, na msomaji wa Kiingereza wa mwaka 1667 alikwama hapo kama tunavyokwama sisi leo. Ukiuondoa, hujaitafsiri maana, umeifuta.

Lipo hata hivyo jambo ambalo Chateaubriand alilitoa sadaka, nalo si dogo. Paradise Lost ni shairi lenye zaidi ya mistari 10,000 isiyo na vina, na yeye alilitafsiri kwa nathari. Alijua kwamba akishika mizani ya ushairi wa Kifaransa atalazimika kupunguza hapa na kujazia pale, kama alivyofanya Delille, kwa hiyo akauacha ushairi ili ayaokoe mengine. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna kipimo chetu cha kuupima uamuzi huo. Julius Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, hakukimbilia nathari wala hakukimbilia vina. Alitunga mistari isiyo na vina kwa kufuata umbo la Shakespeare, miaka kadhaa kabla ya mabishano ya ushairi huru kupamba moto. Mtu huyohuyo, katika Tenzi za Biblia zilizotoka mwaka 1996, aliimimina Injili ndani ya umbo la utenzi, kwa vina na mizani kama alivyorithi. Katika kazi ya kwanza umbo la kigeni liliingia katika Kiswahili, na katika ya pili maneno ya kigeni yaliingia katika umbo la Kiswahili. Naona njia zote mbili ni halali, na kwamba Chateaubriand angeitambua ya kwanza kuwa ndugu ya kazi yake, ingawa Nyerere alithubutu pale ambapo yeye alijizuia.

Nilisema kwamba alikosea katika jambo dogo. Katika maelezo yake anatoa mfano wa taa za jumba la Ibilisi, ambazo Milton anasema zilitoa nuru kama itokayo mbinguni. Chateaubriand aliandika kwamba taa hizo «émanent la lumière», akikilazimisha kitenzi kisichobeba yambwa, yaani mtendwa, kiibebe. Anakiri kwamba anajua Kifaransa hakisemi hivyo, lakini anauliza picha itakuwaje akiandika ipasavyo, na anaongeza kwamba walau msomaji atajifunza hapo tofauti ya matumizi ya vitenzi kati ya Kiingereza na Kifaransa. Hapa simfuati. Kitenzi alichokitumia Milton ni cha kawaida kabisa, na hakuna Mwingereza aliyewahi kusimama mbele yake. Ugeni anaoukuta msomaji wa Kifaransa katika mstari huo haukutoka kwa Milton. Umetoka katika msuguano wa lugha mbili, na mfasiri ameupachika juu ya mwandishi asiye na hatia. Somo la sarufi ni jambo jema, lakini shairi si mahali pake.

Mshairi wa Kirusi Aleksandr Pushkin aliliona jambo hili mapema. Aliandika makala kuhusu tafsiri ya Chateaubriand, iliyochapishwa mwaka 1837 baada ya kifo chake. Humo anamheshimu sana mzee huyo, lakini anasema kwamba tafsiri ya neno kwa neno haiwezi kamwe kuwa aminifu, kwa kuwa kila lugha ina misemo na mitindo yake iliyokwisha kukubalika. Anawaalika wasomaji wachukue maneno ya kwanza kabisa ya maamkizi ya Kifaransa na ya Kiingereza na kujaribu kuyatafsiri neno kwa neno kwa Kirusi. Hoja hiyo haina jibu, na mimi silitafuti. Yeyote anayedhani inaweza kupingwa na ajaribu kuipeleka «shikamoo» katika lugha yoyote ya Ulaya. Lakini angalia ni kitu gani Pushkin anakitolea mfano: maamkizi, yaani mali ya jamii nzima, maneno ambayo hakuna mwandishi aliyeyatunga. Hoja yake inambomoa Chateaubriand wa zile taa. Chateaubriand wa sentensi ya kwanza na wa giza linaloonekana anabaki amesimama.

Karibu karne moja na nusu baadaye, Antoine Berman, mfasiri na mwanafalsafa wa Kifaransa, alitoa mihadhara mjini Paris mwaka 1984 ambamo aliirudia kazi ya Chateaubriand kama kielelezo cha kile alichokiita tafsiri ya herufi. Alitahadharisha tangu mwanzo kwamba herufi si neno. Mfano wake ni methali, na nadhani utakufaa kuliko nadharia yoyote. Katika riwaya ya mwandishi wa Paraguay, Augusto Roa Bastos, alikutana na msemo wa Kihispania usemao kwamba kila siku yatoshwa na huzuni yake, na kila mwaka na hasara yake. Hakutafuta methali ya Kifaransa yenye funzo linalokaribiana, wala hakutafsiri kila neno peke yake. Aliandika «À chaque jour suffit sa peine, à chaque année sa déveine», akiuhifadhi mpangilio, urefu na mwangwi wa sauti, na kwa ajili ya mwangwi huo akabadili neno la mwisho.

Katika riwaya yako bila shaka utakutana na methali, na kishawishi kitakuwa kikubwa. Tuseme mhusika mmoja anasema «petit à petit, l'oiseau fait son nid». Mkono utakwenda wenyewe kwenye «haba na haba hujaza kibaba», na mwalimu wako wa zamani angekupa alama zote. Lakini kibaba ni kipimo cha nafaka cha huku kwetu, na ndege ametoweka pamoja na kiota chake. Ikiwa kurasa chache mbele mwandishi anakirudia kiota hicho, utakuwa umekwama. Andika «kidogo kidogo, ndege hujenga kiota». Kiswahili kinaupokea msemo huo bila taabu, una mdundo wa methali, na msomaji atajua mara moja kwamba anasikia hekima ya watu wengine. Kiswahili chetu kina utajiri mkubwa wa methali, na kwa sababu hiyohiyo ndicho kilicho katika hatari zaidi ya kummeza mgeni.

Nije sasa kwenye rasimu zako mbili. Nakushauri ufanye kazi juu ya ile ya kwanza, hiyo wanayoiita nzito, na ile ya pili uiweke kando kama kumbukumbu ya jinsi Kiswahili kinavyosikika kikiwa huru. Pita kila mahali ambapo wenzako wameona uzito, ufungue matini chanzi, ujiulize kama Mfaransa anayesoma mstari huo angesimama. Kama angepita bila kukwaruzwa, uzito huo ni wako na yafaa uuondoe. Humo yamo mambo kama nafsi ya «on», ambayo kwa Kiswahili mara huwa «watu», mara «tu-», mara kauli ya kutendwa, vishazi vyenye kitenzi cha umbo la «-ant» vinavyopenda kuwa «-ki-» au «-ka-», miundo ya «c'est... que» ambayo sisi tunaimaliza kwa «ndi-», na majina dhahania yanayorundikana mahali ambapo Mswahili angetumia kitenzi. Kuyabeba hayo jinsi yalivyo ni kosa lile la taa, na katika tafsiri za Kifaransa kwa Kiswahili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi.

Lakini kama Mfaransa naye angesimama, basi wewe pia simama, na usikubali kushawishiwa na yeyote. Mwandishi anayerudia neno moja mara nne katika aya moja, ilhali shule za Kifaransa humfundisha kila mtoto kuepuka marudio, amefanya hivyo kwa makusudi. Visawe vyako vitamsaliti. Mwandishi aliyeacha viunganishi, au aliyeisukuma sentensi moja kwa nusu ukurasa ili msomaji apungukiwe pumzi, usimkatie kwa nukta. Kisha soma kwa sauti, rasimu mkononi na Kifaransa mezani, ukisikiliza kama sentensi zinashukia mahali pamoja. Kwa kuwa unafundisha Kifaransa, masikio yako yako tayari kwa lugha zote mbili, na wanafunzi wako wanaweza kukusomea upande mmoja huku wewe ukifuata mwingine.

Jambo la mwisho linahusu dibaji. Chateaubriand hakumtupia msomaji tafsiri ngumu na kujiondokea. Alimweleza alichokifanya, akataja mistari kwa mistari na kukiri alipokunja sarufi. Katika Kiswahili dibaji za wafasiri mara nyingi huishia kwenye shukrani na maisha ya mwandishi. Andika kurasa mbili au tatu, uchague sentensi chache kutoka sura ya kwanza ambazo wenzako waliziona nzito na wewe ukaamua kuziacha, uziweke pamoja na Kifaransa chake, na useme kwa nini. Mhariri wako atakayetaka kuzilainisha atalazimika kwanza kukujibu.